FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Twalikumbuka neno hili kila tusikiapo habari za mitambo mipya ya kompyuta. Aghalabu habari hizo huhusu mambo yaliyo mbali nasi: majumba makubwa ya mitambo katika nchi za ng'ambo, umeme mwingi unaoteketezwa humo, na fedha zisizohesabika. Mkulima asomaye habari hizo hukunja gazeti akaenda shambani, akiamini kwamba hayamhusu. Sisi leo twapenda kusema kwamba yamo yanayomhusu, tena yanamhusu sana. Ila si yale yanayopigiwa kelele. Kompyuta tunayotaka kuizungumza ni ndogo kuliko kiberiti, haina kioo wala vitufe, na mahali tunapotaka kuitazama ni Ikolo, katika Wilaya ya Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Uwanda wa Kyela ni ardhi ya baraka. Mchele wake unasifiwa nchi nzima, na hakuna soko la mji mkubwa ambamo jina la Kyela halitajwi na mwuza mchele. Kakao, michikichi na migomba hustawi huko kwa sababu mvua ni nyingi, nayo hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini mvua ile ile iletayo mpunga ndiyo iletayo mafuriko. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yashuka kwa kasi kutoka milima ya Ileje na Rungwe, kisha yafika uwandani ambako ardhi ni tambarare na ziwa li karibu. Hapo maji hupunguza mwendo, hupanda juu ya kingo, na kutawanyika katika mashamba na makazi. Mto Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi, umezoea hata kuhama mkondo wake, na pamoja nao ukahama mpaka wenyewe.

Yafaa jambo moja lieleweke barabara. Maji yanayoingia nyumbani kwa mtu uwandani usiku wa manane mengi yake hayakunyesha uwandani. Yalinyesha mlimani, saa kadhaa kabla, wakati mwenye nyumba alipokuwa akila chakula cha jioni na watoto wake. Kati ya mvua kunyesha mlimani na maji kufika mlangoni kuna muda, na muda huo ni mali. Katika muda huo mama aweza kuwapeleka watoto mahali pa juu, kijana aweza kufungua kamba za ng'ombe, na gunia la mpunga laweza kupandishwa darini. Muda huo ukipotea hakuna serikali wala tajiri awezaye kuurudisha. Swali letu la leo ni hili: ni mtambo gani uwezao kuukomboa muda huo, na utakuwa mali ya nani?

Kabla ya kulijibu, twaona ni vema kueleza maana ya kompyuta zilizopachikwa ndani ya vyombo. Wengi wetu twadhani kompyuta ni ile ya ofisini yenye kioo. La hasha. Mita ya LUKU iliyo ukutani ina kompyuta ndani yake. Mizani ya kielektroniki ipimayo kakao ya mkulima ina kompyuta ndani yake. Mashine ya risiti dukani, taa ya jua yenye kujizima yenyewe, na simu iliyo mfukoni, zote zina kompyuta. Kompyuta hizi hazikununuliwa kwa jina hilo, wala hakuna aliyefundishwa kuzitumia. Zimepachikwa ndani ya chombo na kupewa kazi moja, nazo huifanya mchana na usiku. Kitovu chake ni chipu moja iitwayo mikrokontrola, ambayo ndani yake mna sehemu ya kukokotoa, kumbukumbu kidogo, na milango ya kuunganishia vihisi. Katika mwaka 2021 bamba moja la namna hiyo, liitwalo Raspberry Pi Pico, lilianza kuuzwa kwa bei ya dola 4 za Kimarekani. Bei hiyo haimshindi fundi, wala haiishindi shule.

Sasa kwa nini wataalamu wa dunia wamegeuza macho yao kuelekea vyombo vidogo kama hivi? Sababu ni kwamba njia ya zamani imeanza kufika mwisho wake. Katika mwaka 1965 Mmarekani Gordon Moore aliandika kwamba idadi ya vipande vinavyoweza kuwekwa katika chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akasahihisha akasema itakuwa kila miaka miwili. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo, na kila kizazi cha chipu kilikuwa chepesi zaidi bila kuhitaji umeme zaidi. Lakini tangu katikati ya miaka ya 2000 neema hiyo ilikoma: kupunguza ukubwa wa vipande hakukupunguza tena joto na umeme kwa kiasi kile cha kwanza. Viwanda vya kutengeneza chipu zenye vipande vidogo kabisa vimefikia gharama ya mabilioni ya dola kwa kiwanda kimoja. Ndipo wataalamu walipolazimika kutafuta njia nyingine, na katika njia hizo zimo nne ambazo twaona zina faida kwa mtu wa Ikolo.

Njia ya kwanza ni kupunguza safari za data. Katika kompyuta ya kawaida kumbukumbu iko mahali pamoja na ukokotoaji uko mahali pengine, na kila hesabu hulazimu data kusafiri kwenda na kurudi. Profesa Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha katika mwaka 2014 kwamba kuchukua namba moja kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu hutumia nishati mara maelfu kadhaa kuliko kuzijumlisha namba mbili. Ni sawa na mpishi anayekaa jikoni huku chumvi yake ikiwa ng'ambo ya ziwa: kazi ya kupika ni ndogo, nauli ndiyo inayomfilisi. Kwa hiyo watafiti wanajaribu kukokotoa mle mle ndani ya kumbukumbu, na wengine wanaiga mfumo wa ubongo, ambamo kuweka na kufikiri hakutenganishwi. Chipu ya TrueNorth ya kampuni ya IBM ya mwaka 2014 na ile ya Loihi ya kampuni ya Intel ya mwaka 2017 zilizaliwa katika jitihada hizo.

Njia ya pili ni kuufundisha mtambo mdogo kutambua mambo hapo hapo ulipo, bila kupeleka kila kitu ng'ambo kwa intaneti. Utafiti huu ulipata nguvu tangu mwaka 2019, nao huitwa TinyML. Programu iliyojifunza kutokana na mifano mingi hupunguzwa hata ienee katika kumbukumbu ndogo ya mikrokontrola. Nasi Watanzania tumekwisha kuuona mfano ulio jirani na jambo hili. Programu ya simu iitwayo Nuru, ya kutambua magonjwa ya mihogo, ilitengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA. Programu hiyo iliundwa ili ifanye kazi shambani hata pasipo intaneti. Na picha za majani ya mihogo zilizotumiwa katika utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2017, zilipigwa katika mashamba ya Tanzania. Ujuzi ulitoka katika shamba letu, na ulipokwisha kusagwa ukarudi shambani.

Njia ya tatu ni kuishi kwa nishati chache. Mtambo uliopachikwa waweza kulala usingizi karibu wakati wote, ukaamka kwa nukta chache, ukapima, ukatuma habari, ukalala tena. Tufanye hesabu. Mtambo unaoamka kila baada ya dakika 15 na kufanya kazi kwa sekunde 2 huamka mara 96 kwa siku, nao huwa macho kwa sekunde 192 tu, yaani dakika 3 na kidogo katika saa zote 24. Kibao kidogo cha jua chatosha kuulisha. Wako hata watafiti wanaounda mitambo isiyo na betri kabisa, inayokusanya nishati ya mwanga au ya mawimbi ya redio, ikikatikiwa husimama, na nishati ikirudi huendelea na hesabu yake pale ilipoachia.

Njia ya nne ni ya uwazi wa michoro. Tangu zamani lugha ya amri inayoeleweka na chipu ilikuwa mali ya makampuni machache, na aliyetaka kuitumia alilipa. Katika mwaka 2010 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha lugha ya amri iitwayo RISC-V, ambayo yeyote aweza kuitumia bila kulipia leseni. Katika mwaka 2020 kampuni ya Google na kiwanda cha SkyWater zilifungua kwa umma maelezo yanayohitajiwa na mtu anayetaka kuchora chipu yake itengenezwe katika kiwanda hicho. Mwanafunzi wa Mbeya aweza leo kusoma michoro ambayo zamani ilifungiwa kabatini.

Haya basi, tuiteremshe elimu hii mtoni. Chini ya daraja, huko juu mto uanzapo kuteremka, hufungwa kihisi kinachotoa sauti isiyosikika kwa sikio la mtu. Sauti hiyo hugonga maji na kurudi, na mtambo hupima muda wa safari hiyo. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde, umbali wa maji kutoka darajani hujulikana. Lakini mwendo wa sauti hubadilika kwa joto la hewa, kiasi cha mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Joto likipungua kwa nyuzi 10 kati ya mchana na usiku, kipimo cha mita 5 kitakosea kwa takriban sentimita 9 kama mtambo haukufundishwa kujirekebisha. Habari ya kipimo, ambayo ni herufi chache tu, hupelekwa kwa redio ya nguvu ndogo kama ile iitwayo LoRa, iwezayo kufika kilomita kadhaa mahali palipo wazi. Na kutoka kituo cha kupokelea hugeuka ujumbe wa simu au mlio wa king'ora.

Hapo ndipo ile fimbo ya karibu inapofaa. Gogo likielea chini ya kihisi, mtambo mjinga utadhani mto umepanda ghafla, nao utaamsha kijiji kizima bure. Mtambo uliofundishwa utatofautisha gogo na furiko. Tena furiko huja na dhoruba, na dhoruba ndiyo saa ambayo mnara wa simu huweza kunyamaza na umeme kukatika. Mtambo unaosubiri jibu kutoka seva ya nchi za mbali utakuwa umekufa saa ile ile unapohitajiwa. Ule unaofikiri wenyewe mtoni, na kulia wenyewe kijijini, ndio utakaookoa watu. Kwa tajiri wa nchi za baridi, kompyuta inayofikiri hapo hapo ilipo ni njia ya kupunguza gharama. Kwa mtu wa Ikolo ni jambo la uhai.

Asije mtu akasema kwamba haya ni ndoto. Huko Nyeri, nchini Kenya, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wametengeneza vipimo vya kina cha mto vitumiavyo sauti na redio ya LoRa, wakavifunga katika mto Muringato. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kimeunda vipimo vya uchafu wa hewa vya AirQo, vilivyobuniwa kwa kukumbuka vumbi na joto la miji ya Afrika. Katika mradi wa WIMEA-ICT, uliofadhiliwa na Norway, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ilishirikiana na vyuo vikuu vya Makerere, Juba na Bergen katika kubuni vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha. Mpango wa TAHMO, uliobuniwa na Nick van de Giesen wa Uholanzi na John Selker wa Marekani, umeweka vituo vidogo vya hali ya hewa katika nchi nyingi za Afrika, vingi vikiwa katika viwanja vya shule, ambako mwalimu na wanafunzi huvitunza na kujifunzia. Na hapa kwetu, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha imefundisha shahada ya uzamili ya mifumo ya namna hii kwa vijana wa Afrika Mashariki. Elimu ipo, na vijana wapo. Kinachokosekana ni kuifikisha elimu hiyo kwenye matope.

Twasema matope kwa makusudi. Mtambo uliojaribiwa juu ya meza safi bado haujajaribiwa. Ikolo ina unyevu unaokula shaba, ina radi, ina nyigu wanaojenga viota katika kila tundu, ina majani yanayofunika kibao cha jua katika mwezi mmoja, na ina maji yanayoweza kuzoa nguzo pamoja na daraja lake. Mtafiti anayeuliza mtambo wake utadumu muda gani, na apewe jibu na uwanda wa Kyela. Kwa hiyo twasema kwamba Ikolo isihesabiwe kuwa mahali pa kupelekewa matokeo ya utafiti. Ihesabiwe kuwa maabara yenyewe. Mzee wa Kinyakyusa anayejua kwa harufu na rangi ya maji kwamba mlimani kumeharibika, naye ahesabiwe katika wataalamu, maana ujuzi wake ndio mifano ya kwanza ya kuufundishia mtambo.

Nchi yetu ina historia ya kompyuta ambayo haifai kusahauliwa. Kompyuta ya kwanza ililetwa Wizara ya Fedha katika mwaka 1965, mwaka ule ule Moore alipoandika maneno yake. Mtambo ule ulikuwa mkubwa, wa gharama, na watu wa kuuelewa walikuwa wachache mno. Uliletwa mwingine mkubwa zaidi, hesabu za serikali zikaingia matatani, na katika mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, amri iliyokuja kulegezwa baadaye. Wako wanaoicheka amri ile. Sisi twaona si jambo la kucheka bali la kujifunza. Kilichotushinda hakikuwa chuma. Kilichotushinda ni kwamba tulinunua chuma kabla ya kusomesha watu. Mtambo usio na fundi ni mgeni asiye na mwenyeji: siku ya kwanza hushangiliwa, siku ya pili huugua, na siku ya tatu hakuna ajuaye dawa yake.

Hatari hiyo ingalipo leo, tena ni kubwa zaidi kwa kuwa mitambo ni midogo na huja kimya kimya. Mradi hufika, vihisi hufungwa, picha hupigwa, wageni huondoka. Baada ya misimu miwili betri imekufa, nenosiri la seva lipo kwa mtu aliyekwisha kurudi kwao, na kijiji kimebaki na nguzo ya kuanikia nguo. Wananchi walioahidiwa king'ora hawakusikia king'ora, na hilo ni baya kuliko kutoahidiwa chochote, maana aliyeahidiwa hulala usingizi.

Wako watakaosema kwamba watu wa uwandani wanahitaji madaraja, matuta na mitumbwi, si kompyuta. Nasi twakubali kwamba wanahitaji madaraja. Lakini daraja na kipimo si maadui. Mhandisi wa daraja hawezi kujua alijenge kwa kimo gani kama hana kumbukumbu za kimo cha maji kwa miaka mingi; na kipimo kinachoonya usiku ndicho hicho kinachoandika kumbukumbu mchana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huzibwa na yule anayeuona mapema.

Wako pia watakaosema tuwaachie wenye viwanda watengeneze, sisi tununue. Kwa chipu yenyewe, twakiri kwamba ununuzi utaendelea kwa muda. Ingawa hata hapo Nyeri kampuni ya Semiconductor Technologies imethubutu kufungua kiwanda chake katika eneo la chuo hicho hicho cha Dedan Kimathi, na yatupasa kujifunza kwa jirani. Lakini chipu si mtambo wote. Kuna bamba la kuichomekea, kasha la kuikinga na mvua, programu ya kuiongoza, mifano ya kuifundishia, na mkono wa kuitengeneza. Hayo matano yanaweza kufanyika Mbeya. Fundi simu wa mjini Kyela, anayelehemu nyaya nyembamba kama unywele kwa mkono usiotetemeka, hana upungufu wa kipaji. Ana upungufu wa kuitwa.

Kwa hiyo twatoa mashauri yafuatayo kwa wote wanaohusika.

Kwanza, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela waufanye uwanda wa Kyela kuwa kiwanja chao cha kudumu cha majaribio ya mitambo iliyopachikwa. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya kihisi cha maji na akae mtoni masika moja, hasa miezi ya Aprili na Mei, ndipo apewe shahada.

Pili, mradi wowote wa mitambo usipokewe pasipo fungu la matengenezo na pasipo mafundi wa mahali pale waliofundishwa kabla mtambo haujafungwa. Vijana wa vyuo vya ufundi wafundishwe kazi hii kama wanavyofundishwa useremala na uashi. Hii ni kazi halali yenye ujira, na wafanyakazi wake wapewe heshima ya wafanyakazi.

Tatu, michoro na programu za mitambo inayonunuliwa kwa fedha za umma ziwe wazi, zihifadhiwe vyuoni mwetu, ili kampuni ikifa au mfadhili akichoka, mtambo usife pamoja naye. Siku hizi za michoro ya wazi hakuna udhuru wa kununua sanduku lililofungwa ambalo hata mwenye nalo haruhusiwi kulifungua.

Nne, vipimo vya mto viwe mali ya umma. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa na Mamlaka ya Hali ya Hewa wavipate, lakini na mwenyekiti wa kijiji avipate, na kwa wakati ule ule. Mto Songwe una kingo mbili, na maji hayaulizi pasipoti. Tume ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, iliyoundwa na Tanzania na Malawi, ndiyo mahali pafaapo pa kupatana kwamba onyo linalosikika upande mmoja lisikike na upande wa pili.

Tano, onyo liwe na miguu. King'ora kikilia, kila nyumba ijue iende wapi, kwa njia ipi, na nani atawabeba wazee na wagonjwa. Onyo lisemwe kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Lifanyiwe mazoezi kabla ya mvua, wala lisingojwe mpaka maji yafike magotini. Na mtambo ukikosea, kosa litangazwe hadharani na sababu yake ielezwe, kwa kuwa king'ora kilichodanganya mara tatu bila maelezo hakitaamsha mtu mara ya nne.

Mashauri haya si ya gharama kubwa. Yanahitaji zaidi nia kuliko fedha, na yanahitaji tuache tabia ya kupima maendeleo kwa ukubwa wa chombo. Tulizoea kudhani kwamba nchi yenye kompyuta ni ile yenye kompyuta kubwa. Sasa watafiti wa dunia nzima wanatuambia kwamba sehemu kubwa ya elimu mpya iko katika udogo: chipu inayokula umeme kidogo, inayofikiri ilipo, na inayofunguliwa na yeyote. Ni mara chache sana katika historia ya viwanda ambapo njia mpya ya dunia na mahitaji ya kijiji cha Tanzania vimeelekea upande mmoja. Nafasi hiyo ikitupita tutakuwa tumeipoteza kwa mikono yetu wenyewe, na watoto wetu watakuja kuinunua kwa bei ya mwenye duka.

Mvua za mlimani hazitangoji tumalize mikutano. Masika yatakuja kama yajavyo kila mwaka, na mito minne itashuka kama ishukavyo. Twataka siku moja mkulima wa Ikolo aamshwe na mtambo uliofungwa na kijana aliyesoma Mbeya na kutengenezwa na fundi wa Kyela, naye awe na saa tatu mkononi badala ya dakika tatu. Saa hizo zatosha kuokoa watoto, ng'ombe na mbegu ya msimu ujao. Wataalamu wetu, vyuo vyetu na halmashauri zetu na waanze kazi hiyo kabla ya mvua ijayo.